Uzi Usioonekana, Redioni: Uchambuzi wa Kisa cha Mchezo Mmoja wa Kuigiza Mombasa

Usuli

Kisa hiki kinahusu kundi la waigizaji wa jukwaani jijini Mombasa lililopewa nafasi na kituo kimoja cha redio ya jamii: nusu saa kila Alhamisi usiku, kwa wiki kumi. Majina ya kundi, kituo na washiriki yameondolewa, na mambo machache yasiyogusa kiini yamebadilishwa ili watu wasitambulike. Kundi lilikuwa na waigizaji tisa, wawili kati yao watoto, pamoja na mshairi mmoja na fundi sauti aliyezoea kurekodi kasida na nyimbo za harusi. Hakuna kati yao aliyewahi kutengeneza mchezo wa redio. Walizoea kubebwa na uso na mwili, na redioni hivyo viwili havipo.

Kituo kilitaka hadithi ndefu ya maajabu, ya kusikilizwa na familia nzima baada ya chakula cha usiku. Hapo ndipo wazo la kuchukua riwaya kongwe ya fantasia lilipozaliwa.

Kuchagua kitabu

Pendekezo la kwanza lilikuwa riwaya za J.R.R. Tolkien. Lilianguka kwa sababu mbili. Ya kwanza ni urefu. BBC ilipomwigiza Tolkien redioni mwaka 1981, The Lord of the Rings ilihitaji vipindi 26 vya nusu saa. Kundi lilikuwa na vipindi kumi. Ya pili ni haki. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kazi ya maandishi hulindwa kwa miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki mwandishi. Tolkien alifariki 1973, kwa hiyo muda huo ulikwisha Kenya mwishoni mwa 2023. Lakini Uingereza hesabu ni miaka 70, na kipindi kikishapandishwa kwenye intaneti kinasikika London sawasawa na Likoni. Kundi lilitaka vipindi vibaki mtandaoni baada ya kurushwa, na halikuwa na wakili. Uamuzi wa kumwacha ulikuwa sahihi.

Walichagua The Princess and the Goblin ya George MacDonald, kitabu cha mwaka 1872. Mwandishi alifariki 1905, kwa hiyo hesabu ya miaka, iwe 50 au 70, haina mgogoro. Walitafsiri wenyewe moja kwa moja kutoka kwenye Kiingereza cha asili, maana tafsiri ya mtu mwingine ina haki zake hata kama kitabu chenyewe kiko huru. Mpiga fidla wa mchezo naye alitia saini karatasi inayoeleza kwamba muziki wake utatumika redioni na mtandaoni, na kwa malipo gani. Karatasi hiyo ya ukurasa mmoja iliwaepusha na ugomvi ambao huja miezi sita baadaye, wimbo ukishapendwa.

Kwa asiyeijua hadithi: Irene ni binti mfalme wa miaka minane anayelelewa na yaya wake, Lootie, katika nyumba kubwa mlimani. Chini ya mlima wanaishi mazimwi wenye vichwa vigumu kama jiwe na miguu laini, wasiostahimili kusikia mashairi. Curdie ni kijana mchimba madini. Juu kabisa ya nyumba, Irene anamkuta bibi yake mkubwa akisokota uzi, na baadaye bibi anampa pete iliyofungwa uzi huo, mwembamba usioonekana. Uzi unamwongoza Irene hadi ndani ya mlima kumtoa Curdie kifungoni. Hata Irene hauoni, huuhisi kwa kidole tu, na Curdie mwanzoni hata kuugusa hauhisi.

Aya hiyo moja ina kazi yote iliyolitoa kundi jasho.

Kupunguza sura 32 kuwa vipindi kumi

Nusu saa ya kituo, ukitoa matangazo na utambulisho, ilibaki dakika 22. Rasimu ya kwanza ya kipindi cha kwanza ilikuwa na maneno 2,600. Waigizaji wakisoma kwa kasi ya maigizo, yaani takriban maneno 120 kwa dakika, hayo ni karibu dakika 22 za maneno matupu. Hakuna pumzi, hakuna hatua za miguu, hakuna mlango unaofunguka. Waliweka kikomo kipya: maneno 1,850 kwa kipindi, hivyo dakika 15 na ushei za mazungumzo, na zilizobaki ni za sauti, muziki na ukimya. Kitabu kina takriban maneno elfu hamsini. Zaidi ya nusu ilibidi iondoke.

Kigezo cha kukata kilikuwa kizuri: jambo lisiloweza kusikika na lisilosukuma tukio linalofuata liondoke. Maelezo ya nguo na vyumba yaliondoka kwanza. Msafara wa viumbe vya mazimwi ulipunguzwa hadi milio mitatu. Mazungumzo ya mazimwi ambayo Curdie anayasikia kupitia ukuta wa mgodi yalibaki karibu yote, kwa sababu mtu anayenong'onezewa siri akiwa gizani yuko katika hali ileile ya msikilizaji wa redio. Hiyo ni zawadi ambayo kitabu chenyewe kimeitoa, na kundi liliitambua mapema.

Msimulizi aliondolewa kabisa katika rasimu ya kwanza. Matokeo yake wahusika walianza kusema wanachofanya: "Tazama, ninafungua mlango wa ngazi." Walipomrudisha walimfanya bibi wa Kimvita anayewahadithia wajukuu, kwa "Paukwa" na "Pakawa". Wasikilizaji wa pwani waliingia hadithini bila kusukumwa. Lakini uamuzi huu mzuri ulileta tatizo lisiloonekana kwenye karatasi, nalo limeelezwa hapo chini.

Chumba na vifaa

Walirekodia ghorofa ya kwanza ya nyumba ya Mji wa Kale. Kuta nene za mawe ya matumbawe huzuia kelele za nje vizuri kuliko matofali membamba, lakini lipu yake laini hurudisha mwangwi. Mikeka sakafuni haikusaidia kitu, kwani ukindu ni mwembamba mno kunyonya sauti. Kilichosaidia ni magodoro manne ya sufi yaliyosimamishwa wima kuzunguka waigizaji, na blanketi mbili nzito zilizoning'inizwa kwenye boriti juu ya vichwa vyao.

Kelele zilizobaki zilikuwa za aina tatu. Kunguru na tuktuk walikoma usiku. Adhana ina nyakati zake, na ratiba ilipangwa kuizunguka: kazi ilianza baada ya swala ya isha na kukoma saa tano. Pangaboi lilikuwa gumu zaidi. Likizimwa, waigizaji tisa ndani ya magodoro katika joto la kaskazi hawadumu. Walikubaliana dakika 20 za kurekodi, dakika 10 za upepo na maji. Fundi alitaka dakika 40 mfululizo. Alipolinganisha faili aliona kwamba baada ya dakika ya 25 makosa ya kusoma yaliongezeka na sauti zikaanza kukauka, akaacha ubishi.

Maikrofoni ya kwanza ilikuwa ya kondensa, kubwa, ya studio. Ilinasa kila kitu, hadi mfereji wa jirani, na unyevu wa Mombasa uliifanya itoe mikwaruzo kama moto wa kuni mbichi. Walihamia maikrofoni mbili za dainamiki, zile imara za jukwaani. Hizo hazisikii mbali, kwa hiyo mwigizaji husogea hadi upana wa vidole vinne, akizungumza kidogo kando ya maikrofoni ili "p" na "b" zisipulize. Walirekodi kwa kHz 48 na biti 24, kilele kikiwa karibu dB -6 kwa kelele za juu. Matini yalisomwa kwenye simu badala ya karatasi zinazochakarisha, zote zikiwa zimezimwa mtandao. Simu yenye mtandao karibu na waya hutia ule mdundo wa "drr-drr" ambao hauondoki tena.

Pango lilipatikana bila gharama. Sauti kavu za Curdie zilichezwa kwa spika ndogo iliyoshushwa ndani ya tangi tupu la maji la chini ya ardhi, maikrofoni ikiwa upande wa pili, kisha mwangwi ule ukachanganywa kiasi cha robo na sauti ya asili. Unasadikika kuliko mwangwi wowote wa programu waliojaribu. Viatu vya mawe vya malkia wa mazimwi, ambavyo kitabuni ni vya graniti, vilijaribiwa kwanza kwa vipande vya matumbawe. Jiwe la matumbawe lina vitundu na sauti yake hufa. Mabaki ya graniti kutoka kwa mafundi wa meza za jikoni yalimaliza kazi.

Vipindi vya kwanza vinaporushwa

Malalamiko yaliyofika kituoni baada ya vipindi viwili yalikuwa mawili, na yote yalikuwa ya haki.

La kwanza: mazimwi hawaeleweki wanachosema. Fundi alikuwa ameshusha sauti zao nusutoni tano, yaani hatua tano ndogo za ngazi ya muziki, kwa programu. Kwenye spika za studio zilitisha. Kwenye simu, ambako wengi walisikilizia, spika ndogo haitoi besi, kwa hiyo uzito uliondoka na konsonanti zilizopakazwa zikabaki. Suluhisho lilikuwa kumrudishia mwigizaji kazi yake: sauti ya kooni, ya mkwaruzo, mdomo karibu sana na maikrofoni, halafu kushusha nusutoni mbili tu. Mkwaruzo uko katikati ya masafa, na simu inauchukua vizuri.

La pili lilikuwa zito zaidi: wasikilizaji hawakujua kama bibi wa juu ni mtu wa kweli, ndoto, au msimulizi mwenyewe. Waigizaji wawili tofauti, wote wanawake wazee, wote wapole, wote wa lafudhi ileile ya Kimvita. Jukwaani wangetofautiana kwa kanga na kwa mahali pa kukaa. Redioni walikuwa mtu mmoja. Ubaya wake haukuwa mkanganyiko tu. Msimulizi ndiye anayethibitisha kila kitu, hivyo bibi aliyefanana naye akawa amethibitishwa tangu mwanzo, na shaka yote ya kitabu, ile inayomfanya Lootie amwone mtoto mwongo, ikayeyuka.

Kipindi cha nne kilileta tatizo la tatu. Uzi ulipewa mvumo mzito wa besi ya kuburuzwa kwa upinde, karibu na hezi 98 (mitetemo 98 kwa sekunde). Umeme wa Kenya ni wa hezi 50, na ngurumo ya waya mbovu mara nyingi huwa hezi 100. Fundi mitambo wa kituo alidhani ni hitilafu akaanza kuchomoa nyaya kipindi kikiwa hewani. Mitambo ya kurushia matangazo nayo hunyanyua sauti ndogo wakati wa ukimya, hivyo mvumo uliochanganywa kwa upole ukavimba mara mazungumzo yalipokoma. Wa kwenye simu hawakusikia kitu kabisa.

Marekebisho

Kituo kilikubali kurudia vipindi vya nyuma kwa wiki mbili, na kundi likatumia muda huo kubadilisha njia.

Msimulizi akawa kijana wa kiume, mwenye kasi na uchangamfu. "Paukwa" ilibaki.

Kisha likaja jambo ambalo ndilo fundisho kubwa la kisa hiki. Katika kitabu, kitu kisichoonekana kinatofautiana na vinavyoonekana. Redioni hakuna kinachoonekana, kwa hiyo kila kinachosikika kipo kwa usawa, na kilicho kimya hakipo. Uzi wa bibi hukosa si rangi tu, bali hata mlio wa kuonyesha kwamba upo. Mwandishi wa kundi alianza kuandika juu ya kila onyesho swali moja: hapa tunasikia kwa sikio la nani? Irene akishika uzi, tunasikia uzi. Maneno yakihamia kwa Curdie, hausikiki.

Mlio mpya ulikuwa fidla, noti nyembamba karibu na hezi 660, inayotetemeka kidogo ili isifanane na mtambo wowote. Ulifundishwa kabla ya kutumiwa. Katika onyesho la bibi akifunga uzi kwenye pete, gurudumu la kusokotea linasimama, kunakuwa na sekunde mbili za ukimya, kisha:

"Shikamoo, bibi. Mbona sioni kitu?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Usitazame. Weka kidole hapa."

Noti inaanza. Irene anaondoa kidole, inakatika. Anakirudisha, inarudi. Mara tatu, bila msimulizi kueleza lolote. Baada ya hapo fidla iliondolewa kwenye muziki wote mwingine wa mchezo, hata wimbo wa mwanzo ukapigwa kwa udi na akodiani. Sharti hili la mwisho lilimuuma mpiga fidla, lakini bila hilo mlio haungekuwa na maana moja.

Curdie naye ana kamba yake ya kawaida, anayoiburuta mgodini ili ajue njia ya kurudi. Wasikilizaji waliichanganya na uzi wa bibi. Kamba hiyo ikapewa mlio wa kamba ya makumbi ikikwaruza jiwe, mkavu na mnene, na kila inapotumika mtu anaivuta na kuitolea pumzi. Moja ni ya mkono, nyingine ni ya kidole.

Onyesho la Curdie kupelekwa kwa bibi na kutomwona lilirekodiwa mara mbili nzima. Kwa sikio la Irene kuna moto unaowaka, gurudumu, sauti ya bibi. Kwa sikio la Curdie kuna upepo kwenye tundu la paa na njiwa. Kitabuni Curdie anaona chumba kitupu chenye nyasi zilizooza, beseni, tofaa lililosinyaa na mwale wa jua. Fundi alikata kutoka upande mmoja hadi mwingine katikati ya sentensi ya bibi. Neno lake la mwisho halimaliziki. Ndilo onyesho bora katika vipindi vyote kumi.

Mashairi ya Curdie yalitungwa kwa mizani ya utenzi, nane kwa kila mshororo:

Enyi watu wa pangoni
Mna mawe ya kichwani
Lakini si miguuni
Nikikanyaga mwalia

Mara ya kwanza mazimwi walipiga kelele juu ya kila kina, na vina ndivyo vinavyowaumiza. Msikilizaji hakusikia silaha, alisikia jeraha tu. Kelele zilisogezwa nusu sekunde baada ya kila mshororo, na watoto mtaani wakaanza kuukariri.

Matokeo

Vipindi vyote kumi vilirushwa. Kuanzia cha tano, kundi lilijaribu kila kipindi barazani kwa wasikilizaji wanane wasiohusika, kwa simu moja ya kawaida iliyowekwa katikati, na kuwauliza maswali matatu tu: wako wapi, wako na nani, nani anasikia nini. Swali lililokosewa na zaidi ya wawili lilirudisha onyesho mezani. Malalamiko ya kutoelewa yalikoma. Kituo kiliomba hadithi nyingine.

Faili za mtandaoni zilitengenezwa za mono (mkondo mmoja wa sauti), kbps 64 (kilobiti 64 kwa sekunde), karibu megabaiti 10 na nusu kwa kipindi, na usawa wa sauti wa LUFS -16 (kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia). Mono ilikuwa chaguo la busara. Kipindi cha kwanza kilikuwa cha stirio na athari zilizopanuliwa kwa programu, na kwenye spika moja ya simu baadhi ya milio ilifutana yenyewe.

Uchambuzi

Kosa la ratiba liligharimu zaidi ya makosa yote ya sauti. Kundi lilirekodi kwa mpangilio wa vipindi, na mvulana wa miaka 13 aliyemwigiza Curdie alianza kuvunja sauti kipindi cha sita. Vipindi vya saba hadi kumi vilichukuliwa na msichana wa miaka 20 aliyemwiga vizuri, lakini wasikilizaji wawili wa barazani waligundua papo hapo. Matini yote yalikuwa tayari tangu kipindi cha tatu. Mistari ya Curdie ingeweza kurekodiwa yote katika usiku mitano, kwa mpangilio wa maonyesho yake, na kuhifadhiwa. Kwa mtoto mvulana wa umri huo, hiyo ndiyo njia pekee ya kufuata. Pia mzazi alipaswa kuombwa ridhaa mara moja kwa kazi yote, si kila Jumamosi upya.

Uamuzi wa kubaki na mlima wa kigeni na majina ya asili ulikuwa na wapinzani ndani ya kundi. Walitaka hadithi ihamie Taita. Kubaki kulifaa, kwa sababu upwani uliingia kupitia msimulizi, mashairi na maamkizi, na hivyo havikuhitaji ramani. Mzigo wa kueleza ni mfalme gani wa Taita mwenye walinzi na mishale ungelemea kipindi kizima.

Kilichobaki bila kutatuliwa ni mafuriko ya mwisho wa hadithi, maji ya mlimani yanapoingia nyumbani kwa Irene. Walirekodi mawimbi kando ya Fort Jesus kusi likivuma, sauti nzuri mno kwa sikio la mtu aliyesimama pale. Lakini maji mengi ni mchanganyiko wa masafa yote kwa wakati mmoja, na faili iliyobanwa hadi kbps 64 huyageuza kuwa mchakacho wa redio iliyopotea steshoni. Walijenga mafuriko upya kwa vipande: tone, kisha mkondo mwembamba, kiti kinachogonga ukuta, ndoo inayoelea, miguu inayokokota majini, na mazungumzo yakipanda ngazi huku maji yakipanda nyuma yake. Sehemu ya kwanza ilifaulu. Dakika ya mwisho, maji yanapojaza nyumba nzima, fundi alirudi kwenye mawimbi kwa kukosa kitu kikubwa cha kutosha, na mchakacho ukarudi nayo. Kundi linalokuja kulifanya onyesho kama hilo lianze na swali lilelile la sikio. Kama dakika hiyo ingesikika kutoka ndani ya chumba cha juu, mlango umefungwa, maji yangebaki kuwa mgongano wa mbao chini ya sakafu, na kbps 64 zingeyabeba bila shida.